Walanguzi wa majina na lango lisilo na mlinzi

Asubuhi moja alifika langoni kwetu kijana wa miaka kumi na tisa hivi, kanyoa nywele, viatu vyake vimepigwa rangi vizuri, na mkononi ana barua iliyopigwa chapa ikimwamuru aripoti siku hiyo kwa mafunzo ya askari wapya. Askari wa zamu aliisoma, akamwita sajini, naye sajini akatuita sisi wa ofisi ya uhusiano. Barua ilikuwa na nembo yetu. Namba ya kumbukumbu ilipangwa kama tunavyozipanga zetu. Chini kabisa iliandikwa tovuti ambamo kijana alijaza maombi yake, na jina la tovuti hiyo lilikuwa jina letu, isipokuwa kistari kimoja kilichopachikwa katikati, na mkia wake: badala ya kuishia na go.ug, mkia ambao hupewa vyombo vya Serikali tu, liliishia na com, ambao hupewa yeyote mwenye fedha ya kulipa.

Kijana alikuwa amelipa ada ya fomu, ada ya daktari na ada ya sare. Mama yake aliuza mtamba. Siku hiyo hapakuwa na usajili wa askari wapya mahali popote nchini, na tangu lini mwananchi akatozwa fedha ili aingie jeshini? Ilitubidi tumweleze hivyo, naye amesimama wima mbele yetu, mikono ubavuni, kama mtu ambaye amekwisha anza mafunzo.

Matapeli wamekuwapo tangu zamani, na magazeti yamekwisha andika habari zao mara nyingi. Tunalotaka kumweleza msomaji leo ni jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua mpaka siku ile, yaani kwamba mtu aliyelichukua jina letu hakuvunja mlango wowote. Alikwenda dirishani kwa karani kama watu wengine, akalipa fedha kidogo, akapewa stakabadhi.

Kompyuta zilizounganishwa katika intaneti hutambuana kwa tarakimu. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walibuni utaratibu wa kuzipa majina ili binadamu asilazimike kuzikariri tarakimu hizo, na majina hayo ndiyo yanayoitwa majina ya vikoa. (Neno kikoa, kwa wazee wa pwani, lilikuwa chakula cha shirika, kila mmoja akileta kwa zamu. Aliyelichagua neno hilo kwa jambo hili ama alikuwa na matumaini makubwa, ama alikuwa mtu wa mzaha.) Kanuni ya kuyagawa ilikuwa moja: anayetangulia ndiye anayepewa. Kwa wakati ule haikuwa na ubaya. Watumiaji walikuwa vyuo vikuu, maabara na idara za serikali, watu wanaojuana, na kuandikisha jina kulikuwa bure. Mwezi Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokabidhiwa daftari hilo, ilianza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Ada iliwekwa, lakini swali halikuwekwa. Hakuna aliyemwuliza mwombaji, “Jina hili ni lako?”

Hata kabla ya ada hiyo dalili zilikwisha onekana. Mwaka 1994 mwandishi mmoja wa habari wa Marekani aliandikisha jina la McDonald's, kampuni ya vyakula inayojulikana dunia nzima, ili kuwaonyesha wasomaji wake jinsi lilivyo jambo jepesi. Kampuni ilipozinduka, mwandishi alilitoa kwa sharti kwamba itoe dola 3,500 kwa shule moja ya Brooklyn ipate vifaa vya intaneti. Huyo alikuwa muungwana. Waliomfuata walikuwa walanguzi. Mtu mmoja wa jimbo la Illinois alijiandikishia majina zaidi ya 100 ya makampuni ya watu, miongoni mwao Panavision, watengenezaji wa kamera za sinema. Alipoandikiwa na mawakili wao, alijibu kwamba atalitoa jina kwa dola 13,000. Katika tovuti yenyewe aliweka picha za mji mdogo uitwao Pana, ili apate kusema kwamba ana shughuli halali na jina hilo. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ilimkatalia. Na kwa miaka kadhaa, hadi 2004, raia wa Marekani aliyetaka kusoma habari za Rais wake, akakosea kwa kuandika whitehouse.com, alikutana na picha za wanawake walio uchi.

Wasomaji wetu wa umri wa makamo wanaujua ulanguzi wa sukari na sabuni. Huu ni ulanguzi uleule, ila bidhaa yenyewe haina uzito, haihitaji ghala, wala haipiti forodhani.

Mwaka 1999 ulifungua milango miwili ya malalamiko. Mwezi Novemba Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomruhusu hakimu kumtoza mnyang'anyi wa jina kati ya dola 1,000 na dola 100,000 kwa kila jina. Mwaka huohuo shirika la ICANN, lililoundwa California mwaka 1998 ili kuusimamia mgawanyo wa majina hayo duniani, lilipitisha kanuni ya usuluhishi inayomfunga kila anayeandikisha jina lenye mkia wa com na mikia ya jamii hiyo. Mlalamikaji hahitaji kwenda mahakamani. Hupeleka shauri lake kwa chombo kilichoidhinishwa, na kikubwa miongoni mwa vyombo hivyo ni Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lililoko Geneva. Inampasa athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelichukua hana haki wala sababu halali ya kulitumia, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Shauri la kwanza lilipelekwa Desemba 1999 na wacheza mieleka wa World Wrestling Federation dhidi ya mtu aliyeandikisha jina lao, na siku chache baadaye akataka kuwauzia kwa dola 1,000. Mwezi Januari 2000 walikwisha rudishiwa.

Kwa makampuni, mlango huo umefaa sana. Mwaka 2023 pekee WIPO ilipokea mashauri 6,192. Lakini yafaa msomaji aitazame idadi hiyo kwa pande zote mbili. Kama dawa imekwisha tumika robo karne na wagonjwa bado wanaongezeka, basi dawa hiyo inaponya homa na kuacha mbu. Shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja hulipiwa WIPO dola 1,500, mbali na wakili. Mlanguzi akishindwa, adhabu yake ni kulipoteza jina ambalo pengine alilipia dola kumi. Faini hakuna. Fidia hakuna. Kesho yake huondoa kistari, huongeza herufi, na hurudi dirishani.

Sisi tulipouliza habari za mlango huo, tulikutana na kizingiti cha kwanza kabisa: alama ya biashara. Jeshi halifanyi biashara. Hatuuzi chochote, na haikupata kumpitia mtu yeyote akilini kwenda kulisajili jina la jeshi kama sabuni. Wapo waamuzi waliokwisha kubali majina yasiyosajiliwa, endapo mlalamikaji anathibitisha kwamba umma unalitambua jina hilo kuwa la huduma yake. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, na gharama ni zake.

Mataifa makubwa kuliko letu yamekwisha jikwaa hapohapo. Mwishoni mwa mwaka 2000 Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza nia ya kulidai jina southafrica.com, lililokuwa mikononi mwa kampuni moja ya mjini Seattle iliyojiwekea akiba ya majina ya nchi kadhaa. Kampuni haikungoja kushtakiwa. Iliishtaki yenyewe Jamhuri ya Afrika Kusini huko New York, ikidai kwamba tangazo lile limewatisha wawekezaji wake! Mahakama iliitupa kesi kwa sababu taifa huru haliburutwi hivyo mbele ya hakimu wa nchi nyingine, na mwaka 2002 mahakama ya rufani iliafiki. Mwaka huohuo New Zealand iliidai kampuni hiyohiyo jina lake mbele ya WIPO, ikashindwa, kwa kuwa jina la nchi si alama ya biashara. Mwaka uliofuata ilitoa mkobani dola milioni moja za kwake ikalinunua. Taifa lililonunua jina lake lenyewe! Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulidhani tumeisoma vibaya.

WIPO haikukaa kimya. Ripoti yake ya pili, ya mwaka 2001, ililichambua suala la majina ya mahali na ya nchi, na mwaka 2002 mataifa mengi wanachama yalipendekeza majina ya nchi yaingizwe katika kanuni ile ya 1999. Marekani, Kanada na Australia hazikukubaliana na pendekezo hilo. Likapelekwa ICANN, na huko halikugeuka kuwa kanuni. Miongoni mwa majina yaliyopata ulinzi wa namna ya pekee ni la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu: katika mikia mipya iliyofunguliwa tangu 2013, majina hayo yamezuiwa yasiandikishwe na mtu mwingine. Sisi tuliosoma Mikataba ya Geneva darasani hatuna kinyongo na hilo. Anayejificha nyuma ya nembo ile vitani hutenda hiana ya vita, na ni sawa kwamba asijifiche nyuma ya jina lake katika intaneti. Twauliza tu kwa nini mantiki hiyo iliishia hapo.

Hata hivyo, kusema kweli, jibu lipo, na si jibu la kipuuzi. Tulipoanza kuyachunguza mambo haya tulikuwa upande wa serikali zote dhidi ya wote wenye majina. Habari ya Barcelona ilitupunguzia ukali. Mume na mke wa Kihispania waliandikisha barcelona.com mwaka 1996 ili wafungue shughuli za utalii. Mwaka 2000 Baraza la Jiji liliwashtaki WIPO na likapewa jina. Wao wakakimbilia mahakama za Marekani, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ilisema kwamba jina tupu la mji ni la kila mtu, wala halmashauri haiwezi kulifungia kabatini. Wapo pia matajiri ambao huona jina zuri mikononi mwa mnyonge aliyelipata kwa haki miaka mingi iliyopita, wakamfungulia shauri ili achoke na kuliachia. Kanuni inamruhusu mwamuzi kutamka kwamba shauri kama hilo limeletwa kwa nia mbaya. Akiisha tamka, basi. Mnyonge huondoka na jina lake pamoja na deni la wakili.

Lakini tuliahidi habari za lango, na somo kubwa la lango limetoka kwa wanajeshi wenzetu. Jeshi la Marekani lina mkia wake wa pekee, mil, ambao hapana raia wala mlanguzi awezaye kuununua. Ngome imara. Ila mtu aandikaye kwa haraka akiiacha herufi i, mil huwa ml, na ml ni mkia wa nchi ya Mali. Tangu mwaka 2013 mkia huo wa Mali ulisimamiwa, kwa mkataba, na mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi. Aliona barua pepe zikimiminika kwa anwani za jeshi ambazo Mali haikuwa nazo. Aliwaonya Wamarekani kwa miaka. Mwezi Januari 2023 akaanza kuzikusanya, na kufikia Julai alikuwa na zipatazo 117,000. Zilikuwamo picha za eksirei na taarifa za matibabu za askari, orodha za mabaharia, ramani na picha za kambi, mikataba, mashtaka ya nidhamu. Ilikuwamo pia ratiba ya safari ya Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwenda Indonesia mwezi Mei mwaka ule, pamoja na namba za vyumba vya hoteli.

Hakuna hata moja iliyokuwa na mhuri wa siri. Raia atasema, basi hapakuwa na hasara. Askari hasemi hivyo. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba adui hasomi siri zako; husoma orodha ya mkate. Akijua mikate mingapi imeagizwa, anajua kikosi kina watu wangapi, na ikiacha kuagizwa anajua kwamba mmeondoka. Mkataba wa Mholanzi ulimalizika katikati ya Julai 2023, na mkia ukarudi mikononi mwa Serikali ya Mali, ambayo mwaka mmoja kabla iliwashuhudia askari wa Ufaransa wakiondoka na Warusi wakiwapo. Makao makuu ya ulinzi ya Marekani yalieleza kwamba barua zitokazo kwenye anwani zao za kazi kwenda ml huzuiwa. Zilizopotea, kwa hiyo, zilitoka kwingine, kwa mawakala wa safari, kwa makandarasi, kwa maofisa walioandika kutoka anwani zao za nyumbani. Mlinzi alisimama langoni, na mizigo ikapitia uani.

Habari ya Mali ina upande wa pili unaotuhusu zaidi sisi Waafrika. Mkia uleule wa ml, pamoja na ga wa Gabon, cf wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na gq wa Guinea ya Ikweta, uligawiwa bure na kampuni ya Freenom. Kinachogawiwa bure bila swali hupendwa kwanza na mwizi. Majina ya mabenki na ya makampuni ya watu yalitundikwa kwenye mikia ya mataifa yetu, na tovuti za wizi wa hundi na nywila zikapeperusha, kana kwamba ni bendera, jina la Gabon au la Mali. Machi 2023 kampuni ya Meta, mwenye Facebook, iliishtaki Freenom kwa unyang'anyi wa majina. Juni mwaka huo Gabon iliuchukua mkia wake na kufuta mamilioni ya majina. Februari 2024 Freenom ilitangaza kuiacha biashara hiyo. Jirani zetu wa Rwanda walikwisha kurudishiwa mkia wao wa rw mwaka 2012, baada ya kusimamiwa kutoka nje, na twaona walitangulia kuerevuka.

Basi mjadala uliopo sasa ni huu: je, karani wa dirishani aulize? China iliamua hivyo Desemba 2009, ikidai hati za kampuni kwa kila aombaye mkia wa cn. Matapeli walihama, wengi wao wakahamia ru ya Urusi, na Aprili 2010 Urusi nayo ikaanza kudai vitambulisho. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2022, umewataka wenye madaftari wahakiki taarifa za waandikishaji. Wakati huohuo sheria yake nyingine, ya faragha, ilisababisha tangu Mei 2018 majina na anwani za wenye vikoa yafichwe katika daftari la wazi. Kwa hiyo karani huenda anamjua mtu, ila wewe uliyeibiwa humjui.

Msomaji atasema mwanajeshi hupenda vitambulisho. Ni kweli, tunavipenda. Wapinzani wa jambo hili wanaeleza kwamba mwandishi anayemfichua mla rushwa, au mwanamke aliyemkimbia mume katili, ana haki ya kuwa na tovuti bila kutangaza nyumba anayoishi. Twakubali. Lakini kutotangazwa ni jambo moja, na kutojulikana hata kwa karani ni jambo jingine. Benki inamjua kila mwenye akaunti, wala haibandiki orodha yao mlangoni.

Na wanaosema kwamba ulinzi wowote utaua biashara wakumbushwe habari ya siku tano. Zamani mtu aliweza kuandikisha jina, akaonja kwa siku tano kama linavuta watu, na kulirudisha bila gharama. Walanguzi wakawa wanaonja majina kwa mamilioni kila mwezi. Mwaka 2008 ICANN iliweka tozo ya senti 20 za dola kwa kila jina linalorudishwa kupita kiasi. Kufikia Aprili 2009 mchezo huo ulikuwa umepungua kwa asilimia 99.7. Senti ishirini! Biashara ya majina haikufa, na wala haikuugua.

Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN inawalazimu wauzaji wa majina wachukue hatua wakionyeshwa kwamba jina linatumika kwa wizi wa nywila na taarifa, au kusambaza programu haribifu. Ni hatua. Lakini haimgusi mlanguzi aliyelikalia jina la mwenzake bila kuiba neno, na humngoja mwizi aingie ndani kwanza. Mlinzi yeyote tuliyemfundisha zamu husema “Simama! Nani wewe?” mtu akiwa bado nje.

Sisi tulimwandikia muuzaji wa jina lile, nchi ya mbali, tukaambatanisha nakala ya barua ya kijana. Siku ya kumi na moja tovuti ilizimwa. Jina lenyewe halikurudishwa kwa yeyote. Lilikaa tupu hadi mwaka wake ulipokwisha, na mara ya mwisho tulipolitazama lilikuwa kwa madalali, limeandikiwa bei ambayo ingeweza kununua mitamba kadhaa. Ofisi yetu haikulinunua. Tumeandikisha majina mengine manne yanayofanana na letu, yenye kistari na yasiyo na kistari, na kila mwaka twayalipia ili yasifanye kazi yoyote.

Barua ya kijana ipo katika jalada. Siku ile, kabla ya kuondoka, aliomba arudishiwe ili amwonyeshe mama yake. Tulimpa nakala, na sajini akamtafutia nauli.